Mashine ya Kufulia Iliyoingia Sabato Ikinguruma

Mume wangu alinunua mashine ya kufulia nguo akidhani ni mashine ya kutengenezea siagi. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikisimulia yaliyofuata, watu hudhani natia chumvi, kumbe yote yalianzia hapo tu.

Tulikuwa tumehamia Nyansiongo miaka michache baada ya Uhuru, wakati walowezi walipokuwa wakiondoka na mashamba yao yakikatwa vipande kwa ajili ya wananchi. Watu wa mume wangu walitoka Marani, ambako shamba lao lilikuwa jembamba hata ng'ombe akigeuka alikuwa anakula mahindi ya jirani. Mimi niliolewa kutoka Manga, kule juu kwenye ukingo wa mlima. Kwenye boma letu tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, mama mkwe na baba mkwe. Watoto hatukuwa tumepata bado.

Mume wangu alikuwa karani wa kituo cha maziwa. Asubuhi alichovya kipimo chake kwenye mitungi ya watu na kutangaza, "Haya yametiwa maji," na mwenye mtungi akaangalia chini. Kazi hiyo ilimfanya aamini kwamba duniani hakuna jambo la maziwa ambalo halijui.

Mlowezi wa mwisho upande wetu alipouza vyombo vyake, wengine walirudi na vitanda na majembe. Mume wangu alirudi na mkokoteni wa ng'ombe, na juu yake pipa jeupe lenye miguu minne na magurudumu madogo. Ndani ya pipa, katikati, ulisimama mchi wa bati wenye mapezi. Ukingoni palikuwa na rola mbili za mpira zilizobanana kama midomo ya mtu aliyenuna. Chini ya tumbo ilining'inia injini ndogo ya petroli yenye kikanyagio cha kuwashia, kama cha pikipiki, na bomba refu la moshi lililopindapinda.

"Mtambo wa siagi," alitangaza.

"Na hizi rola?" nikauliza.

"Za kukamua maji kwenye siagi."

Alijibu haraka sana hata nikaona aibu kwa kuuliza.

Tulimimina maziwa ya jioni na ya asubuhi. Mume wangu alikanyaga kile kikanyagio hadi jasho likamtoka, injini ikikohoa na kunyamaza. Ilipokubali kuwaka ilipiga mlio uliowafanya ng'ombe wavunje ua na kwenda kusimama kwa jirani. Lakini siagi ilitoka. Lazima niseme kweli, ilitoka. Ilikuwa nyeupe kidogo na yenye mapovu, na baba mkwe, aliyekuwa mkubwa wa boma, ndiye aliyeonja kwanza. Alitafuna polepole akitazama mbali.

"Inanukia kama hospitali," alisema, akachota tena.

Mimi niliipaka kwenye kiazi kitamu. Nilipouma, jino liligonga kitu kigumu. Nikatoa kifungo. Kifungo cha shati, chenye matundu manne. Kiazi cha pili kilikuwa na kifungo kingine. Cha tatu kilikuwa na kikulabu kidogo cha chuma, kile cha kufungia nguo ya ndani ya mwanamke kwa nyuma. Nilikificha kwenye kiganja kwa sababu ya baba mkwe, kisha nikamwonyesha mama mkwe jikoni. Akakigeuzageuza, akatoka nje, akasimama mbele ya mwanawe.

"Mwanangu," alisema, "umetulisha maji ya kufulia ya Mzungu."

Mume wangu aliigeukia mashine. "Basi," alisema hatimaye, "tutafulia." Alisema hivyo kama mtu ambaye hilo ndilo lililokuwa shauri lake tangu mwanzo.

Mkutano wa kwanza wa mashine ile na sabuni ulikuwa wa kusikitisha. Mume wangu alimwaga pakiti nzima ya sabuni ya unga. Povu lilianza kuinua kifuniko, likashuka pembeni, likatambaa uani bila haraka. Kuku mmoja mwenye vifaranga aliingia humo akitafuta wadudu, nasi tukabaki kumsikia tu. Mama mkwe alikwenda jikoni, akarudi na chumvi kiganjani, akaitupa ndani kama mtu anayekoleza mboga, na lile povu likaanza kunywea. Hakuna aliyemfundisha. Nilipomuuliza, alisema, "Kitu kinachochemka hivyo kinataka chumvi." Kuku alitoka akiwa msafi kuliko alivyowahi kuwa. Kuanzia siku hiyo tulitia sabuni kiasi cha kijiko kidogo cha chai, na nguo zikatakata zaidi.

Kisha mashine ikaanza kutembea. Uani kwetu paliteremka kidogo kuelekea zizini, na kila nguo zilipozunguka, pipa lilitetemeka, likajikongoja, likaondoka. Mume wangu aliifunga kwa kamba kwenye kigingi cha ng'ombe. Ikazunguka kigingi kama ndama mkaidi mpaka kamba ikaisha, ikaegemea pale, ikinguruma kwa hasira. Tulijaribu kuikalia. Baba mkwe aliketi juu ya kifuniko na bakora yake, na meno yake yaligongana hivi kwamba hakuweza kutuambia tumshushe.

Mimi ndiye niliyegundua kwamba blanketi zito lilikuwa limejikunja upande mmoja. Nilizima, nikapanga nguo kuuzunguka ule mchi pande zote sawasawa. Tena niliweka bakuli la maziwa juu ya kifuniko nikaona maziwa yanaegemea upande wa zizi, basi tukaweka vipande vya tairi kuukuu la gari chini ya miguu ya upande huo mpaka maziwa yakatulia. Mashine ilisimama. Ilitetemeka, lakini mahali pake. Mume wangu alikuja kusimama kando yangu akanong'ona, "Bakuli lilikuwa wazo langu, nilikuwa sijalisema tu."

Maji yakikataa kutoka, nilijifunza kuvua mpira wa chini na kuuzibua kwa bua kavu refu la mtama. Mara ya kwanza ilitoka donge la siagi ya zamani, ngumu kama mshumaa, na ndani yake soksi ya mtoto ambayo haikuwa ya mtu yeyote tunayemjua. Pipa lilipovuja chini ya mchi, nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli nikakizungusha pale kama kola. Injini ikigoma kuwaka, nilifungua plagi, nikaikwangua masizi kwa kisu, nikaiweka karibu na makaa ikauke, nikairudisha ingali moto. Hayo yote yalinichukua miezi mingi na vidole vyangu vilinuka petroli hata kanisani.

Lakini shida kubwa kuliko zote haikuwa ya spana. Ilikuwa ya chinsoni. Sisi Abagusii tuna heshima hiyo: mimi na baba mkwe wangu hatukai karibu karibu, sigusi kitanda chake, na nguo zake na zangu hazikutani. Mtoni ilikuwa rahisi, kila mtu na jiwe lake. Sasa jiwe lilikuwa moja, tena lenye tumbo. Je, shati lake likitoka, gauni langu liingie? Ndani mle mle?

Mama mkwe alifikiri juu ya jambo hilo siku nzima akichambua mboga, kisha akatoa hukumu. Nguo za baba zikitoka, maji yamwagwe, kifuniko kifunguliwe, na mashine iachwe ipumue mpaka isahau. Ndipo zangu ziingie. "Itasahau baada ya muda gani?" mume wangu aliuliza. "Utaiona tu usoni," mama yake alijibu. Basi tukawa tunasubiri, watu wazima wanne, tukiitazama mashine usoni.

Habari zilienea. Watu walikuja kutoka mbali kuangalia. Jumapili moja mume wangu alivaa suti na tai kwa ajili ya wageni, akasimama kuwaeleza kazi ya rola. "Unaingiza nguo hapa," alisema akiinama, "inatoka kule imekauka." Tai ikaingia. Rola haikujua tofauti. Ilimvuta polepole, akiendelea kueleza, sauti ikipanda, mpaka shavu lake likawa limelala kwenye mpira na jicho moja likitutazama. Wageni walidhani ndiyo maonyesho yenyewe. Wengine walipiga makofi. Nilikuwa nimezoea kuachanisha rola kwa kupiga kwa ngumi chuma kilichozibana kwa juu, lakini nilikuwa ndani nikipika chai. Mama mkwe alikata tai kwa kisu cha mboga. Kipande kilichobaki kilitoka upande wa pili kimepigwa pasi vizuri sana.

Mmoja wa wageni wale alikuwa mzee wa kanisa letu la Wasabato, mwanamume mrefu mwenye kofia ambayo hakuivua ila kwa maombi. Hakupiga makofi. Aliizunguka mashine, akainama, akanusa. Wiki iliyofuata, Ijumaa adhuhuri, alifika na mzigo wa kanzu za ubatizo. Kesho yake, Sabato, watu wengi wangebatizwa mtoni, na kanzu zilikuwa zimekaa ghalani na panya.

"Zitakuwa tayari kabla ya jua kutua?" aliuliza.

"Mzee," mume wangu alisema, "zitakuwa tayari kabla hujamaliza chai."

Ili asipungukiwe, alijaza tangi la petroli mpaka juu. Mzee akaketi na chai yake kwenye kiti tulichomtolea uani. Mashine iliwaka ilipokanyagwa mara ya kwanza tu, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na lilipaswa kunitia wasiwasi. Kanzu zilizunguka. Tulizifua mafungu mafungu, tukazikamua, tukazitia maji safi, tukazikamua tena. Alasiri yote ilikwenda hivyo. Fungu la mwisho lilipoingia, mama mkwe alipita karibu akiwa na kitu chini ya kanga, akafunua kifuniko kidogo, akakifunika, akaenda zake. Sikumfikiria.

Jua lilikuwa limebaki kiganja kimoja juu ya kilima nilipokwenda kuzima. Kulikuwa na kibati chembamba unachokibonyeza ili kiguse kichwa cha plagi, na injini inakufa. Nilikibonyeza. Kikavunjika, kikabaki mkononi mwangu. Injini iliendelea.

"Zima," mume wangu alisema.

"Nimezima," nikasema, nikimwonyesha kibati.

Alikimbilia koki ya petroli. Ilikuwa imeshika kutu na haikugeuka hata alipoigonga kwa jiwe. Mzee wa kanisa aliweka kikombe chini. Akatazama kilima. Kisha akatazama mashine.

"Hii itakwenda mpaka lini?"

Mume wangu aliigonga koki tena. Baba mkwe, aliyekuwa ameketi mbali kwa sababu yangu, alijibu badala yake kwa sauti kubwa ili ashinde mlio: "Tangi limejaa!"

Sijui kama asiye Msabato ataelewa. Jua likitua Ijumaa, kazi inakoma. Maziwa yamekwisha kukamuliwa, kuni zimekatwa, chakula kimepikwa. Na sisi tulikuwa na kazi inayonguruma uani kwetu, ikifua kanzu za ubatizo, mbele ya mzee wa kanisa.

"Lakini sisi hatufanyi kazi," mume wangu alisema. "Tumekaa tu. Ni yenyewe."

"Ni yako," mzee alisema. "Mfanyakazi wako naye hupumzika. Ng'ombe wako hupumzika."

"Si ng'ombe."

"Inakula?"

Mume wangu akafikiri. "Inakunywa."

"Inatembea?"

Hapo hakuna aliyeweza kukana. Wilaya nzima ilikuwa imesikia. Mzee alitikisa kichwa kwa huzuni kama hakimu ambaye angependa kumwachia mtu lakini ushahidi umekaza.

Mume wangu aliamua kung'oa waya wa plagi. Nilipiga kelele kumzuia. Aliushika kwa mkono uliolowa maji ya sabuni. Mkono uliruka, yeye akaufuata, akaketi kwenye matope akitutazama kwa upole, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kwa muda aliniita jina la dada yake.

Ndipo mama mkwe alipotoka jikoni na ndizi. Ndizi mbichi, ya kupika, nene. Aliisukuma kwenye bomba la moshi na kuipiga kwa kiganja ikaingia yote. Injini ilibadilisha sauti. Ilizama, ikakohoa, ikaguna kama ng'ombe aliyevimbiwa. Mzee wa kanisa aliinuka, akasogea, akainama atazame mdomo wa bomba.

Ndizi ilitoka kwa kishindo. Ilimpata usoni, kofia ikaruka juu, yeye akarudi kwenye kiti chake na kiti kikarudi naye nyuma. Injini ikashangilia.

"Nyasae!" mama mkwe akasema, maana yake Mungu, na akaenda kuchukua ndizi nyingine.

Sikumngoja. Nilikuwa nimetazama injini ile miezi mingi kiasi cha kujua inavutia hewa wapi: kuna kitundu pembeni, chenye wavu mdogo, na ukiweka kidole karibu unakisikia kinanyonya. Nilichukua kanzu moja mbichi kutoka kwenye beseni, nikaikunja pindo, nikaikandamiza pale kwa viganja vyote viwili. Ilivuta. Ilivuta kwa nguvu kama ndama anayenyonya kidole. Kisha ikatetemeka mara moja, nyumba nzima ikasikia, ikafa.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kiasi kwamba tulisikia ng'ombe wakicheua zizini. Tuligeuka wote pamoja kutazama kilima. Jua halikuwepo. Kulikuwa na wekundu tu, ambao ungeweza kuwa wa dakika hiyo au wa muda uliopita.

"Lilikuwa juu au limetua ilipozimika?" baba mkwe aliuliza. Hakumuuliza mtu fulani, lakini sote tulimtazama mzee, kwa kuwa hukumu ilikuwa yake.

Alikuwa amelala chali na kiti chake, na ganda la ndizi limemganda kwenye nyusi. Alikaa, akajipangusa taratibu, akatafuta kofia yake, akaivaa.

"Mimi sikuona jua," alisema. "Macho yangu yalikuwa yamefumba kwa sababu ya ndizi. Na hapa mzee wa kanisa ni mimi peke yangu."

Akatuombea, akaenda nyumbani. Sijasikia hukumu nzuri kuliko hiyo mahali popote.

Hatukugusa mashine tena hadi alfajiri, na hata alfajiri ile tulijadiliana kama kutoa kanzu ndani ya pipa ni kazi au ni kuvaa. Tukakubaliana ni kuvaa. Nilifunua kifuniko. Fungu la mwisho lilikuwa limegeuka rangi ya waridi. Si madoa, si mistari. Rangi moja laini kutoka kola hadi pindo. Chini kabisa, kimejiviringisha kwenye mchi, kilikuwa kitambaa cha kichwa cha mama mkwe, kile chekundu kipya, sasa kimepauka.

Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akisema kila siku kwamba nguo iliyofuliwa na mashine ya moto haivaliki. Nilimtazama. Alikichukua kile kitambaa mkononi mwangu, akakikamua, akakifunga kichwani kikiwa bado kibichi.

"Twende, tutachelewa," alisema.

Mtoni watu walikuwa wamejaa kingo zote mbili. Waliovaa nyeupe walibatizwa kwanza. Kisha wakashuka wa waridi, wakitembea polepole kwenye maji baridi, wanaume wazito wenye ndevu wakiwa na rangi ya maua, na minong'ono ikapita ukingoni kama upepo kwenye majani ya chai. Mhubiri alitua kidogo. Mzee wa kanisa, mwenye uvimbe mdogo juu ya jicho, alimnong'oneza jambo, na mhubiri akaendelea. Mmoja baada ya mwingine walizama na kuinuka. Mama mkwe alisimama mbele kabisa, kichwa chake rangi ile ile, akiimba kuliko wote. Sidhani kuna mtu ambaye hakuelewa. Hakuna aliyesema.

Ile mashine iliishi nasi miaka kadhaa zaidi, lakini haikufua tena siku ya Ijumaa. Mpira wa rola ulipochanika, hatukupata mwingine hata Kisii mjini, na mume wangu akaifungua injini akaifunga kwenye kikatio cha nyasi za ng'ombe. Huko ilifanya kazi vizuri sana, miaka ya sabini yote, na ilipogoma niliitwa mimi na kisu changu cha plagi. Pipa tuliwapa ndama wanywee maji.

Miezi mingi baada ya ubatizo ule, alasiri moja, alifika mgeni kwa baiskeli kutoka kanisa la upande mwingine. Alikuwa ametumwa. Alikaa, akanywa chai, akaulizia mifugo, akasifu mahindi. Hatimaye akajikohoza na kusema kwamba kwao walikuwa wakishona kanzu mpya, na akina mama wao walikuwa wamekataa katakata zile nyeupe za kawaida. Walikuwa wamesikia za kwetu.

"Wanauliza," alisema, akimtazama mume wangu kwa heshima, "kitambaa kile cha rangi ile kinapatikana duka gani?"

Mume wangu alivuta kiti karibu, akakunja mguu mmoja juu ya mwingine, akaanza kumweleza.